Tunakusikia Wewe Tu, Shemeji

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda dukani kwa Melkizedeki kununua chumvi na kiberiti. Sikuwa na haraka. Mlenda ulikuwa tayari jikoni, maji ya ugali yalikuwa hayajachemka, na mume wangu Festo alikuwa chumbani na gemu yake ya malori, kama kila jioni akitoka kazini.

Melkizedeki alikuwa ananifungia chumvi simu yangu ilipoita. Alikuwa Obadia, rafiki wa Festo tangu walipokuwa madereva wa malori pamoja. Yeye bado anaendesha, makazi yake Mwanza.

"Shemeji, za jioni?"

"Nzuri shemeji. Za huko?"

"Huku salama. Samahani kukusumbua. Mwambie huyo jamaa yako kwamba laivu yake leo tena haina sauti ya gemu. Hatusikii injini, hatusikii honi. Tunakusikia wewe tu."

"Mimi?"

"Ndiyo. Unaimba vizuri, sikatai." Alicheka. "Ila punguza kidogo, shemeji. Tukimwita hatumsikii."

Nilishika ukingo wa kaunta.

"Shemeji Obadia, mimi niko dukani."

Kicheko chake kikakatika.

Nyuma yake nilisikia kitu kwa mbali, kutoka kwenye simu nyingine au spika. Sauti nyembamba ya mwanamke. Ilipanda, ikashuka, ikavuta neno la mwisho...

"Basi, shemeji," Obadia alisema polepole, "nani yuko kwako?"

Niliiacha chumvi juu ya kaunta nikaondoka.

Tunakaa Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, nyumba ya vyumba viwili yenye shamba la mtama nyuma. Mimi ni Mnyaturu wa hapa hapa. Festo ni Mnyiramba wa Kiomboi. Nilimpata akiwa dereva, na mwaka wetu wa kwanza wa ndoa lori lake likaanguka kwenye kona za mlima Sekenke. Mguu wa kulia ulivunjika vibaya, ukapona vibaya. Hakurudi tena kwenye usukani. Alipata kazi ya kupokea alizeti kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta, na siku nyingi alikuwa anarudi amenuna kama mtu aliyetoka msibani.

Ndipo Obadia akamletea kompyuta ya zamani na usukani wa plastiki, akamwekea gemu ya kuendesha malori. Festo alifufuka. Kila jioni alivaa hedfoni, akarusha safari zake laivu kwenye kundi lao, na madereva wenzake waliokuwa wamelala njiani huku na kule wakawa wanamtazama na kumtania. "Punguza mwendo, kona hiyo!" "Dereva gani anakunywa chai na gia kubwa?" Nilikuwa nafurahi kumsikia akicheka.

Lakini kucheka kwake kulikuwa kumebadilika siku za karibuni. Kulikuwa kumepungua sauti. Kumekuwa kwa siri. Nilikuwa nimeliona hilo na kulifumbia macho.

Sasa nilikuwa nakimbia.

Nilisukuma mlango wa chumba bila kubisha.

Festo alikuwa peke yake. Mguu mbovu juu ya stuli, mikono kwenye usukani, mwanga wa skrini usoni. Nilitazama nyuma ya mlango. Chini ya kitanda. Nje ya dirisha. Hakuna mtu. Kulikuwa na harufu tu, harufu ambayo haikuwa ya nyumba yangu. Dawa ya kuchua, na uji uliochacha, na shuka lililolaliwa muda mrefu bila kufuliwa.

"Vipi?" aliuliza, akishusha hedfoni shingoni kama mtu aliyekatizwa maongezi.

"Nani alikuwa anaimba humu?"

"Kuimba?"

"Obadia amenipigia. Wanasikia mwanamke."

Alitazama skrini kwanza, kisha akanitazama mimi. "Ni kompyuta hii, Seve. Inachanganya sauti. Maiki inashika redio ya majirani huko. Gemu haisikiki, redio inasikika. Nitaitengeneza."

Majirani zetu hawakuwa na redio.

Usiku ule nilikagua simu yake akiwa amelala. Sikukuta jina la mwanamke. Sikukuta ujumbe uliofutwa nusu, wala picha. Mwanamke mwenye mume anayetoka nje ana pa kushika, atashika kanga, atashika namba, atashika nywele kwenye koti. Mimi sikuwa na pa kushika. Nilikuwa na sauti tu, na hiyo nayo sikuwa nimeisikia vizuri.

Nikaamua niisikie.

Rafiki yao mwingine, Sixbert, ana kibanda cha kutengeneza simu na redio pale Shelui, malori yanapolala. Ndiye aliyewafungulia kundi lao. Nilimpigia, nikamwomba aniingize.

"Unataka kumtazama mumeo akiendesha?" aliuliza kwa utani.

"Nataka kusaidia. Anahangaika na sauti."

"Sisi tumeshamwambia yote, shemeji. Azime awashe, abadilishe hedfoni, arushe gemu yenyewe badala ya skrini nzima. Anasema amefanya." Akanieleza vilevile kwamba laivu huchelewa kidogo. Festo akipiga honi Unyambwa, wao humsikia baada ya kupumua mara mbili tatu. "Kwa hiyo ukiwa naye nyumba moja usishangae. Utamsikia mara mbili."

Jioni iliyofuata nilikaa jikoni, mlango wa chumba umefungwa, simu sikioni. Lori lilionekana likipanda mlima kimya kimya. Hakukuwa na injini wala upepo.

Kisha yule mwanamke akaanza.

Alikuwa haimbi safari hii. Alikuwa anaongea. Kinyiramba. Kwa ulaini, kwa kunong'ona, karibu sana na sikio kama mtu aliyelala mto mmoja nawe. Kinyiramba changu ni cha kuamkiana na kuombea maji. Nilishika jina la mume wangu na basi.

Na Festo akamjibu.

Kwa Kinyiramba. Kwanza nilimsikia kupitia ukutani, kisha, baada ya kupumua mara mbili tatu, nikamsikia simuni. Sauti ile hakuwahi kunitolea mimi. Mimi ananiambia "leta maji," "umeme umekatika," "kesho natoka mapema." Huyu alikuwa anaambiwa maneno marefu, maneno yenye mkono ndani yake. Nilikuwa nimepika, nimefua, nimemwosha mguu ule ukitoa usaha. Na lugha yao ilikuwa imefunga mlango, mimi nimeachwa nje na masufuria.

Ugali uliungua. Niliuacha uungue.

Kesho yake jioni, Festo alipoenda kuoga, nilimpigia Sixbert na kuingia chumbani.

"Niko mbele ya kompyuta. Nielekeze."

"Bado ameiacha ile programu ya kurushia wazi?"

"Ipo wazi."

"Chini utaona mistari ya sauti. Mmoja wa maiki, mwingine wa gemu. Ukipiga makofi, wa maiki utacheza kijani."

Nilipiga makofi. Ukacheza.

"Sasa ule wa gemu. Kuna kitufe unakivuta, kama cha redio. Kiko wapi?"

Nilikitazama. Nilikitazama tena.

"Kiko mwisho kabisa kushoto."

"Shemeji, hicho hakijiharibu. Hicho kinavutwa na mtu."

Nilielewa vizuri sana. Gemu haikuwa mbovu. Siku zote zile, wenzake wakilalamika, yeye akijifanya anahangaika, anazima, anawasha, anachomoa waya na kuchomeka... alikuwa ameizima injini kwa mkono wake. Ili amsikie vizuri.

"Laivu bado iko hewani, nasikiliza huku. Chomoa maiki kabisa," Sixbert alisema. "Tuone kama ni redio kweli."

Nilichomoa waya wa maiki, nikaushika mkononi. Chumba kilikuwa kimya. Kule bafuni maji yalikuwa yanamwagika. Nilibana pumzi.

Mstari wa maiki ukacheza.

Kijani. Kidogo. Ukatulia.

Ukacheza tena, mrefu zaidi, kama mtu aliyesogea karibu.

"Sixbert," nilinong'ona, "nimeushika waya mkononi."

"Nimemsikia." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Shemeji, toka humo chumbani."

"Amesema nini?"

"Toka kwanza."

Sikutoka. Nilikishika kile kitufe cha gemu nikakisukuma mpaka mwisho wa kulia. Injini ikanguruma nyumba nzima. Ile harufu ya uji uliochacha ikanijia usoni ghafla, kama mtu amenipumulia, kisha ikakatika.

Festo alitokea mlangoni na taulo, povu bado shingoni.

"Nani kagusa?"

"Mimi. Nimekutengenezea sauti. Si ulikuwa unahangaika?"

Alinipita akichechemea, akainama, akakivuta kile kitufe kushoto. Akavaa hedfoni juu ya povu na kufumba macho, akisikiliza kama mgonjwa anayesubiri majibu. Kisha mabega yake yakashuka. Alikuwa amempata.

Hata hakujua kama bado nimesimama pale.

Sixbert alinipigia baadaye, bila mimi kumwuliza.

"Sikutaka kusema, shemeji. Ile sauti naijua. Tuliimba kwaya moja Kiomboi, mimi na yeye. Anaitwa Elina. Alikuwa mchumba wa Festo kabla yako. Ilikuwa karibu watoe mahari."

"Yuko wapi sasa?"

"Nyumbani kwao. Nasikia anaumwa siku nyingi."

"Mgonjwa gani huyo anayeimba kila jioni kwa waume za watu?"

"Alichosema wakati ule umeshika waya..." Sixbert alisita. "Alikuuliza utaondoka lini."

Nilimwambia Festo naenda kumwona dada yangu Aneth. Aliitikia bila kugeuka. Nilipanda basi la Kiomboi, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilitaka nimkute amejipodoa. Nilitaka nimkute na simu mkononi, na bando la kutosha, na kicheko. Nilitaka kumshika.

Nyumba yao si mbali na soko. Mama mmoja mwembamba alikuwa anaanua alizeti uani, akizikusanya kwenye turubai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Mimi natoka Singida. Naitwa Severina. Ni mke wa Festo."

Ungo ulimponyoka. Alijifuta mikono kwenye kanga.

"Nilijua utakuja," alisema. "Ingia. Usimwamshe kwa kelele, ingawa yeye mwenyewe hana kelele."

Nilipokanyaga kizingiti cha chumba kile, harufu ilinipokea.

Dawa ya kuchua. Uji uliochacha. Shuka lililolaliwa.

Elina alikuwa amelala chali kitandani, mwili umeisha, mikono juu ya kifua. Macho yalikuwa wazi na yanatazama paa. Nywele zilikuwa zimesukwa vizuri. Mtu alikuwa anazitunza. Nilikuwa nimekuja na matusi na sikujua niyaweke wapi.

"Ana nini?"

"Hospitali wamempima wamechoka. Hawaoni kitu." Mama Elina alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu wa mwanawe juu ya blanketi. "Festo alimpenda kwa sauti. Kila mtu hapa Kiomboi anajua. Alikuwa akiimba, Festo anasimama nje ya kanisa na lori linawaka. Ilipofungwa ndoa yako, mwanangu alitoroka akaenda kwa bibi mmoja huko porini, mbele ya Shelui. Aliyempeleka alinisimulia. Yule bibi alimwambia, mwili wako hautakwenda kwake, mwili wake una mwenyewe tayari. Chagua kitu kimoja chako kiende kikae naye."

"Akachagua sauti."

"Akachagua sauti. Alirudi hana neno. Sijamsikia tena mpaka leo. Hata maji haombi. Nakisia tu kiu yake." Alinyanyuka. "Jua likizama midomo yake inaanza. Kaa naye kidogo. Nachemsha uji."

Niliachwa na yeye.

Dirisha lilikuwa linageuka jekundu, kisha kijivu. Nje mbuzi walikuwa wanaingizwa bandani. Nilitoa simu. Festo alikuwa ameanza kurusha. Lori liliondoka yadi kimya kimya, taa zimewaka.

Midomo ya Elina ikatikisika.

Haikutoa kitu. Hata pumzi. Ulimi uligonga meno, midomo ikafunguka, ikafunga. Nilikuwa namtazama. Nilihesabu pumzi zangu. Moja. Mbili...

Kwenye simu yangu sauti ikasema, "Festo."

Niliinama karibu na uso wake.

Midomo ikaenda tena, haraka, kwa tabasamu. Nilisubiri. Baada ya pumzi mbili, simu ikacheka.

Mdomo ulikuwa Kiomboi. Sauti ilikuwa chumbani kwangu, Unyambwa, sikioni mwa mume wangu. Kati yao kulikuwa na milima na barabara yote ile, na mimi nimekaa katikati na simu. Nilimsikia Festo akimjibu. Aliongea muda mrefu. Na huyu mwanamke aliyeoza mgongo kwa kulala, asiyeweza kuomba maji, uso wake ukajaa nuru kama bibi harusi.

Ningemwonea huruma. Ni kweli ningemwonea. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka kwa furaha, na mimi katika miaka yangu yote ya ndoa sijawahi kuongeleshwa na Festo mpaka nikalia hivyo.

Macho yake yakageuka.

Polepole. Kutoka kwenye paa, kuja kwangu.

Midomo ikasema kitu kifupi. Hiki nilikisoma kabla hakijafika, kwa sababu kilikuwa Kiswahili, na kilikuwa juu yangu.

*Yuko hapa.*

Pumzi moja. Mbili.

"Yuko hapa," simu ikanong'ona.

Nikaweka kiganja changu juu ya mdomo wake.

Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe na mimi nikaufuata. Midomo ilikuwa baridi, mikavu kama maganda ya mahindi, na ilikuwa inaendelea kusema chini ya kiganja changu. Kwenye simu, baada ya kuchelewa kidogo, sauti ikafifia, kama mtu aliyefunikwa na blanketi. Nikakandamiza. Ikakatika.

Lori lilikuwa limesimama katikati ya barabara. Ndipo nikamsikia mume wangu, safari hii kwa Kiswahili, kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni.

"Elina? Elina, mbona umenyamaza?"

Alikuwa analijua jina. Alikuwa anajua siku zote. Hakuna redio, hakuna jirani, hakuna kompyuta mbovu.

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilitaka kupiga kelele, nimwambie yote yaliyonijaa tangu dukani kwa Melkizedeki.

Hakikutoka kitu.

Nilijaribu tena. Koo lilikuwa zima, halina maumivu. Lilikuwa kama chumba kilichohamwa. Chini ya kiganja changu nikahisi joto. Midomo ya Elina ilikuwa inapata joto, inalainika, na pumzi ya kweli ikanipiga mkononi. Niliuvuta mkono kama nimeungua.

"Mama..." Elina alisema.

Alisema yeye mwenyewe, pale kitandani, kwa sauti yenye kutu.

"Mama, nina kiu."

Sufuria ilianguka huko jikoni.

Na simu yangu, iliyokuwa bado mkononi, ikaongea.

"Niko hapa, Festo," ilisema. "Usihangaike. Nimekuja mimi."

Nilikuwa naijua sauti hiyo. Ndiyo niliyokuwa nayo tangu nazaliwa.

Mama Elina alipiga vigelegele mpaka majirani wakajaa. Alimwinua mwanawe, akamnywesha maji, akalia, akacheka. Hakuna aliyeniuliza mbona sisemi. Elina peke yake ndiye aliyenitazama, juu ya ukingo wa kikombe, kwa macho ya mtu aliyetua mzigo akamwona mwingine anaubeba. Sikuona chuki ndani yake. Nilitamani nione.

Nilirudi Unyambwa kwa basi la asubuhi. Hospitali walinimulika koo, wakasema halina tatizo. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa, wakaniwekea mikono. Dada Aneth alinipeleka kwa mganga mmoja wa Ikungi, naye alipoona kivuli changu mlangoni alikataa tuingie. Ndiyo maana haya nayaandika. Sina njia nyingine ya kuyasema.

Festo alipokea kupotea kwa sauti yangu kwa upole mwingi. Alininunulia asali, akanichemshia tangawizi. Mchana ananitazama, anashika bega langu, anakosa la kusema. Ikifika jioni anavaa hedfoni.

Anaongea naye. Kwa Kiswahili sasa. Nasikia kila neno kupitia ukutani na hilo ndilo baya zaidi. Anamwita Seve. Anamweleza ajali ilivyokuwa, jambo ambalo hajawahi kuniambia mimi, jinsi breki zilivyokataa na alivyomwona mtu amesimama barabarani kwenye kona. Anamwomba msamaha. Anamwambia anampenda. Siku moja nilishindwa, nikaingia, nikasimama mbele yake, nikajigonga kifua. Mimi hapa! Ni mimi huyo! Festo aliinua kidole, akaniomba ningoje kidogo.

"Namalizia kuongea na wewe," alisema.

Nilikuwa nimemwonea wivu Elina, na ulikuwa na nafuu. Elina alikuwa na jina, na kwao kulijulikana. Huyu wa sasa nitamfuata wapi? Anajua ninayoyajua. Anacheka ninavyocheka. Ila yeye ni mchangamfu kuliko mimi, ana maneno kuliko mimi, na hachoki, na hana mikono ya kunuka vitunguu. Anapendwa kwa kila kitu changu, na mimi napewa asali.

Elina ameshaanza kutembea. Sixbert ameniandikia kwamba amerudi kwaya, anaimba sauti ya pili. Yule bibi wa mbele ya Shelui, waliokwenda kumtafuta hawakukuta nyumba. Walikuta shamba la mtama, na mwenye shamba anasema hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo.

Nilidhani habari yangu ingeishia hapo. Ningeizoea. Mtu huzoea.

Leo asubuhi Festo hakwenda kazini. Niliamka nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika koo kwa mikono miwili. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufunga. Nilimtikisa. Alinitazama kwa hofu, akajaribu jina langu. Nililiona kwenye midomo.

Hakikutoka kitu.

Tuliangalia kompyuta, wote wawili kwa pamoja. Ilikuwa imefungwa. Waya wa umeme ulikuwa umechomolewa, umezungushwa juu yake, kama Festo anavyofanya kila usiku.

Simu yangu ikatetemeka. Obadia alikuwa ametuma ujumbe wa sauti. Nikaufungua kwa sauti kubwa ili tusikie sote.

"Shemeji, Festo, nyie watu hamlali?" Alikuwa anacheka, amechoka. "Tangu jana jioni mko hewani mpaka kumekucha. Picha hakuna, giza tupu, lakini sauti, aisee, leo iko safi! Injini naisikia, kila kitu. Hebu wasikilizeni wenyewe."

Akaisogeza simu kwenye spika.

Injini nzito ilikuwa inapanda mlima. Gia ikabadilishwa. Sauti yangu ilisema kitu kidogo, cha mzaha, na sauti ya Festo ikacheka kicheko kirefu cha tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya ajali. Walikuwa wanakwenda mahali. Walikuwa hawana haraka.

Nilimgeukia mume wangu nione kama anaogopa.

Haogopi. Ameichukua simu mkononi mwangu, ameibana sikioni, na amekunja uso. Tangu asubuhi anaurudia ujumbe ule. Kila sauti yangu inapocheka, taya zake zinakaza, na anainamisha kichwa asikie vizuri yule mwanamume ameniambia nini.